Meza ya duara au meza ndefu? Kabla kamati haijalipia mapambo, nendeni ukumbini na tepu

Mama Meza:

Wakuu, habari za jioni.

Huu ni mwaka wangu wa 13 kwenye kazi ya kupamba na kupanga kumbi hapa Dar: harusi, sendofu, kicheni pati, komunio. Wateja karibu wote wanakuja na picha kwenye simu. Meza ndefu imejaa mishumaa, maua yananing'inia juu, viti vya dhahabu. "Dada, nataka hivi hivi." Sijawahi kumlaumu mtu kwa kupenda kizuri, ila maswali ninayoyasubiri huwa hayaji. Wageni wangapi? Ukumbi una upana gani? Bibi atakaa wapi?

Niwaeleze kwa nini nauliza habari za bibi. Miaka ya nyuma, kabla sijaingia kazi hii, mdogo wangu alifanyiwa sendofu. Bibi yetu mzaa mama alitoka Korogwe kwa basi. Kwa heshima akawekwa meza ya mbele kabisa, duara la watu kumi, na kiti alichopewa kilikuwa kinaipa mgongo meza kuu. Kiti kimevalishwa kitambaa kizito, meza ya nyuma imebanana, kugeuka hawezi. Mjukuu wake anakata keki, anawalisha wazazi, anacheza, bibi anatazama ukuta na sisi tunamsimulia kinachoendelea. Kesho yake asubuhi, tunakunywa chai, akaniuliza: "Hivi lile gauni lilikuwa na mikono?"

Alikuwa mita nne kutoka kwa mjukuu wake.

Tangu hapo, nikimaliza kupanga ukumbi nazunguka nakaa kwenye kiti kimoja cha kila meza, natazama mbele. Kama mimi sioni, mgeni hataona. Nataka leo tuongee umbo la meza kwa macho hayo, na hesabu zake nitawapa.

Kanuni ya kwanza: mtu aliyekaa anahitaji sentimita 60 za ukingo wa meza ili viwiko visigongane. Duara la futi 5 lina sentimita 152 kutoka ukingo hadi ukingo. Ukilizungusha tepu unapata karibu sentimita 478, yaani watu 8. Duara la futi 6 ni sentimita 183, mzunguko wake karibu 575, hapo ni watu tisa na nusu, ndiyo maana tunaweka 10 wakibanana kidogo. Ukiambiwa inakaa 12, uliza ni viti gani. Vya plastiki visivyo na mikono, labda. Vile vipana vya kuvalishwa nguo, hapana.

Kanuni ya pili ndiyo inayosahaulika. Kiti kilichokaliwa kinakula sentimita 60 nyuma ya meza, na mhudumu mwenye sinia la soda anahitaji njia. Kwa hiyo duara la futi 6 likishakaliwa pande zote linafika mita 3, na pamoja na njia nalihesabia mraba wa mita 3.6 kwa 3.6. Ni karibu mita 13 za mraba kwa watu 10. Meza ndefu ya futi 8 kwa inchi 30, watu wanne kila upande, pamoja na viti na njia inachukua mita 6 na kidogo za mraba kwa watu 8. Fanyeni hesabu ya kila kichwa. Duara linakula 1.3, meza ndefu haifiki 0.8. Ukumbi ule ule, watu tofauti kabisa.

Kwa hiyo meza ndefu imeshinda? Bado. Upana wake ni sentimita 76. Sahani ya kulia ina kama 27, na zinatazamana mbili. Zimebaki 22 katikati kwa maua, mishumaa, glasi, na zile chupa zinazoletwa mbili mbili kabla ya MC hajamaliza kutambulisha kamati. Picha za kwenye simu hupigwa kabla chakula hakijaja. Ukitaka meza ndefu yenye mapambo ya maana katikati, unganisha mbili ubavu kwa ubavu, na hapo ile faida ya nafasi inapungua sana.

Jambo jingine la meza ndefu ni miguu. Zinapoungana kuna mgeni anakaa na mguu wa chuma katikati ya magoti yake saa sita nzima, na kwenye maungio ndipo glasi zinapolala. Panga viti kwanza, kisha sogeza meza kufuata viti.

Sasa macho. Kwenye duara lililokaliwa pande zote, karibu nusu ya wageni wanaipa mgongo meza kuu. Sherehe zetu si za kula na kuongea tu. Tunatazama: keki, shampeni, ndafu (mbuzi mzima wa kuokwa), zawadi za pande zote mbili, nasaha. Nina njia mbili. Mkiwa na nafasi kubwa na wageni wachache, duara la watu 10 liwekwe watu 6 kwa nusu mwezi, upande wa mbele uachwe wazi. Nafasi ikiwa ndogo, meza ndefu zipangwe zikielekea meza kuu, si zikiikingama. Hapo kila mtu anakaa ubavu na anageuza shingo tu, hahitaji kugeuza kiti.

Maua ya katikati: ama chini ya sentimita 30, ama yaanze juu ya 60 kwenye kijiti chembamba. Yakiwa hapo kati yanakaa usoni kwa mtu.

Karibuni. Mwenye ukumbi wake kichwani alete vipimo.

---

Mweka Hazina:

Mama Meza shikamoo, na asante. Uzi umenikuta kwenye kikao cha kamati. Wageni 200, ukumbi mita 24 kwa 16 kwa maelezo ya mwenye ukumbi, anasema unaingiza 400. Upande wa bwana harusi wanataka duara, upande wa bibi harusi wanataka ndefu, na jana tumeachana kwa kununiana. Nisaidie niende na kitu kesho.

---

Mama Meza:

Marahaba, Mweka Hazina. Watu 400 ni wa viti vya mistari bila meza, kama kikao cha hadhara. Kila unapotajiwa idadi ya ukumbi, uliza kwanza: na meza au bila meza?

Toa mita 6 za mbele kwa jukwaa la maharusi na sehemu ya kuchezea. Toa mita 3 za nyuma kwa bufee. Zimebaki 15 kwa 16. Duara la futi 6, kila moja mraba wa 3.6, zinaingia nne kwa nne, meza 16, watu 160. Watu 40 hawana pa kukaa, na hapo bado nusu wanatazama bufee.

Meza ndefu zikielekea jukwaa: mstari mmoja unachukua meza tatu, njia ya kukatiza ya mita moja na nusu, kisha meza mbili. Watu 40 kwa mstari. Mistari mitano, watu 200 kamili. Weka mitatu kushoto, miwili kulia, katikati acha mita 1.8 wapite maharusi. Njia itakuwa imesogea kama nusu mita kutoka katikati ya ukumbi, hakuna atakayegundua. Ubavuni kulia utabakiwa na mita moja na zaidi, waachie wahudumu.

Wazazi wa pande zote muwape duara mbili za futi 5 mbele kwa nusu mwezi, moja kila upande wa jukwaa. Upande wa bwana harusi watakuwa wamepata duara yao.

---

MC Mstaafu:

Nilishika maikrofoni miaka mingi, naomba nithibitishe hili la migongo. Sentensi niliyoisema kuliko zote maishani ni "ndugu zangu, geuzeni viti kidogo". Na hawageuzi, kwa sababu hawawezi. Wakishindwa kuona wanaanza stori zao, kelele inapanda, unaongeza sauti, wao nao wanaongeza. Baba anatoa nasaha kwa mwanawe na hasikiki. Nilikuwa nawaza tatizo ni mimi.

Kuhusu familia kununiana kwa ajili ya meza, msione aibu. Mwishoni mwa 1968 mazungumzo ya amani ya Vietnam kule Paris yalikwama wiki kadhaa kwa kubishania umbo la meza, maana umbo lilikuwa linasema nani anatambuliwa na nani hatambuliwi. Januari 1969 wakakubaliana duara moja kubwa, na meza mbili ndogo za mstatili pembeni. Kamati ikikaa siku mbili juu ya jambo hili, ujue watu wanaulizana nafasi yao ndani ya familia.

---

Dada wa Moshi:

Mama Meza umegusa ndafu ukapita haraka. Kwetu ndafu akiingia ukumbi mzima unasimama, na nimeona kwa macho yangu meza ya kukunja ikilegea miguu mbuzi akiwa juu yake. Mnamletea meza ya aina gani?

---

Mama Meza:

Dada, umenikumbusha vizuri. Ndafu na keki siviweki kwenye meza ya kukunja hata siku moja. Ndafu namwekea meza ya mbao yenye miguu minne ya kudumu, futi 4 kwa mbili na nusu inatosha. Naiweka ubavuni mwa jukwaa tangu asubuhi, mahali ambapo wanaomleta wakicheza hawapandi ngazi. Chini ya kitambaa natandika nailoni, maana mafuta hupita.

Keki naipa duara dogo la kama sentimita 90. Meza hiyo naijaribu kwa kuisukuma kwa kiuno, ikitikisika siitumii. Keki za ghorofa ndiyo kabisa. Na isikae chini ya kiyoyozi wala kwenye njia ya watoto.

---

Fundi Vyuma:

Nachomelea fremu za meza, nina la kusema kwa wanaotaka kununua za kukodisha. Juu wekeni plaiwudi ya milimita 18. Wengi wanachukua MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, kwa kuwa ni laini na bei inashuka, lakini ikimwagikiwa soda mara mbili tatu inavimba ukingo, na meza iliyovimba hata uivalishe satini inaonekana. Duara la futi 6 msifanye kipande kimoja, ni zito na linasumbua kubeba. Nusu mbili zenye bawaba na komeo chini.

Meza za juu za vioo mimi nakataa kama sherehe ina watoto. Kioo ukingo wake haufichiki.

---

Mtanga Halisi:

Assalaam alaykum. Mnaongea meza, sisi walima wetu, yaani karamu ya ndoa, ni mkeka na sinia. Watu wanne watano wanazunguka sinia la biriani, kila mmoja anakula mbele yake, na mwenye mkono mrefu anamsogezea mwenzake nyama. Huo ndio utamu wenyewe. Sasa wazee wetu magoti yamegoma. Mwaka jana walima wa kijana wangu tukaleta meza ndefu na sahani za bufee. Wazee wakakaa vizuri, wakala vizuri, lakini mzee mmoja akaniambia ukweli: "Mwanangu, leo nimekula peke yangu." Ilinichoma. Ipo namna ya kati?

---

Mama Meza:

Waalaykum salaam, kaka yangu. Maneno ya huyo mzee nitakaa nayo.

Ipo, na nimeifanya mara mbili. Tafuta au chongesha duara la futi 4, sentimita 120. Sinia kubwa lina kama 60. Ukiliweka katikati, kutoka ukingo wa meza hadi ukingo wa sinia ni sentimita 30 tu, mkono wa mzee unafika bila kuinama. Wanakaa watano kwa raha, sita ikijaa. Usiweke maua. Usiweke chochote katikati zaidi ya sinia, na kitambaa cha satini kisahau, kwa sababu kitambaa kinachoteleza chini ya sinia ni hatari. Tandika pamba nzito, au hata kitambaa cha plastiki cha maua kile cha nyumbani, kinafutika. Bakuli la kachumbari, pilipili na ndizi vipate nafasi yake kwenye zile 30.

Kunawa mikono pitisha birika na beseni kama kawaida kabla sinia halijashushwa. Vijana waacheni mkekani ukumbi huo huo. Wazee juu, vijana chini, wote wanakula sinia.

Upande wa kina mama usiku wa kupamba, ushauri wangu ni mdogo: usijaze meza. Wanakaa mistari kumtazama mwali wao, na viboksi vya vitafunwa vinapokelewa mkononi. Meza ndogo mbili tatu za pembeni za kushushia juisi zinatosha. Kila meza unayoongeza inamfukuza mama mmoja kwenye nafasi ya kucheza.

---

Mweka Hazina:

Nimerudi. Nilienda na tepu leo mchana, mimi na kijana mmoja wa upande wa bwana harusi. Urefu 24 ni kweli. Upana ni 15.2, kwa sababu pembeni kuna baraza ya ndani waliyoihesabu. Na kuna nguzo mbili ndani. Nimekaa chini nikasikitika.

La pili, sikulisema kwenye kikao kwa sababu ni la nyumbani. Mama mzazi wa bibi harusi ana kiti cha magurudumu tangu mwaka juzi. Binti anasema asiwekwe pembeni kama mzigo.

---

Mama Meza:

Usisikitike, umeokoa sherehe. Mistari mitano kila mmoja mita 2.56 ni 12.8. Ongeza njia ya 1.8, jumla 14.6. Kwenye 15.2 inaingia, ila wahudumu watabakiwa na sentimita 60 za ubavuni, kwa hiyo wahudumie kutokea njia ya kukatiza. Nguzo zifanyeni ziangukie kati ya mgongo wa mstari mmoja na mgongo wa mwingine, na mtu asikalishwe nyuma yake moja kwa moja. Viti viwili vitatu utavipoteza, hivyo peleka wageni hao kwenye duara za wazazi.

Mama sasa. Asikae duara ya mbele kama ina kitambaa kinachofika chini na miguu ya kupishana, magurudumu yatakwama. Chukua meza yenye nguzo pana chini au miguu ya pembeni, pima kutoka sakafuni hadi chini ya ubao, na upime kiti chake kwenye mikono. Meza nyingi zina urefu wa sentimita 75 juu, lakini fremu chini hula kadhaa. Ondoa kiti kimoja kabla hajafika. Asifike akakuta watu wanahangaika kuondoa kiti mbele ya wageni. Njia kutoka mlangoni hadi kwake iwe sentimita 90 isiyo na waya wa muziki. Na jukwaa: kama lina ngazi, maharusi ndio washuke kuja kumlisha keki. Mwambie MC leo, si siku yenyewe.

Kitambaa cha duara ya futi 5 kifike chini ni cha inchi 120. Kwa upande wa mama kikunje kiishie magotini.

Na bufee msiibandike ukutani. Iwekeni katikati ya zile mita 3 ili watu wapite pande zote mbili. Tuseme kila mtu anatumia nusu dakika: watu 200 mstari mmoja ni saa moja na dakika 40. Pande mbili ni dakika 50.

---

Dada wa Moshi:

Wanaofanyia ufukweni je? Yangu ni Bagamoyo.

---

Mama Meza:

Upepo, dada. Vitambaa vifupi vyenye vibanio, au vile vya kunyumbuka vinavyoshika miguu. Vyombo vya maua vizito na vifupi. Meza za kusimamia za mita moja na kitu zipeni mchanga mgumu au ubao chini, la sivyo zinazama upande mmoja. Duara kubwa kwenye mchanga silipendekezi.

---

Mweka Hazina:

Wiki tatu baadaye. Jumamosi imepita salama.

Mistari mitano iliingia. Nguzo moja tulikosea, shangazi wawili walikuwa nyuma yake, tukawahamisha kabla ya shampeni. Bufee watu wa ukumbi waliirudisha ukutani wakati tunapokea maharusi, hatukuona hadi foleni ilipofika mlangoni. Hilo limeniuma, tungeweka mtu wa kulisimamia.

Mama alikuwa duara ya kulia, kitambaa kimekunjwa, kiti kimeondolewa tangu saa 8. Maharusi walishuka kama ulivyosema. Binti alipiga magoti, macho yao yakawa sawa kabisa, akamlisha keki. Mama hakuhitaji kusogezwa na mtu.

Naulizia zile duara za futi 4 za sinia. Baba mkwe amesoma uzi huu, ana hitima mwezi ujao Chalinze, anataka nane.

---

Fundi Vyuma:

Nane zinawezekana. Niambie kama zitakuwa za kukunja.

---

Mtanga Halisi:

Zisiwe za kukunja. Sinia la watu sita ni zito.